Chumvi ya Kimondo

Juzi nilifungua chupa ya achari ya ndimu niliyoletewa kutoka Unguja, siki ikanipanda puani hata machozi yakanitoka. Wenzangu mezani walidhani ni pilipili. Haikuwa pilipili. Harufu ile ilinichukua mzobemzobe ikaniweka kwenye chumba kidogo cha giza, chini ya ngazi za nyumba ya Bibi yangu, Malindi, Mji Mkongwe, ambako Shangazi Rayya alikuwa akisafisha picha. Nyinyi wa rika langu mtakumbuka kwamba zamani picha zilisafishwa kwa dawa, na dawa mojawapo ilinuka siki tupu. Mimi nikiamini kwamba picha hutiwa achari ili zisioze. Mtu akiniambia leo kwamba nilikosea, nitambishia, kwa sababu picha moja iliyotoka katika chumba kile ninayo hapa, na haijaoza.

Nyumbani tulikuwa watatu. Bibi, ambaye watu wa mtaani wakimwita Bi Zuwena, alikuwa mwenye nyumba, mwenye amri na mwenye achari. Shangazi Rayya, bintiye wa mwisho, asubuhi akisomesha fizikia skuli ya sekondari, na baada ya alasiri akiendesha studio ya picha aliyoiacha marehemu Babu pale chini. Wa tatu mimi. Baba alikuwa Maskati akifanya kazi, mama akamfuata, nami nikaachwa kwa Bibi mpaka mambo ya safari yangu yatengenee. Yalichelewa kutengenea. Nilimkosa mama kiasi cha kulala na kanga yake, na kila mtu aliponambia "subiri, mwanangu," nilitamani kumng'ata.

Kwa kuwa hakuna aliyeniambia lolote, nilijifunza kudukiza. Kwenye ngazi zetu kulikuwa na pembe moja nyuma ya pazia ambapo mtoto akikunja magoti haonekani, na maneno yote ya barazani humfikia. Nilidukiza habari za Maskati, nikadukiza na nyingine zisizonihusu: nani kaposwa, nani kaachwa, nani pilau lake limemshinda. Siku moja Bibi alifunua pazia ghafla, akanikamata sikio.

"Mdukizi mkubwa wee! Hujui mashetani walifanywa nini kwa kudukiza? Walikuwa wakipanda juu mbinguni kusikiliza maneno ya malaika. Wakapigwa vimondo! Mpaka leo wanapigwa!"

Akaniachia sikio akarudi jikoni kwenye mkate wake wa kumimina, na nina hakika kabla unga haujaumuka alikuwa keshasahau. Mimi sikusahau.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Chuoni mwalimu wetu alitusomesha kwamba katika mwezi huo mashetani wote hufungwa minyororo. Nilifurahi kama walivyofurahi wenzangu. Usiku ule ule, tukirudi kutoka taraweh, mimi na Bibi tumeshikana mikono, kimondo kikapita juu ya mapaa. Hatujafika mlangoni kikapita cha pili.

"Kimpate adui wa Mungu," akasema Bibi, kama alivyosema kila mara akiona kimondo, akatia ufunguo mlangoni.

Mimi nilibaki nimeganda. Nilikuwa mtoto wa hisabu, na hisabu yangu ilinyooka vizuri sana. Mashetani wote wamefungwa. Vimondo bado vinatupwa. Basi vinatupwa kwa nani? Mdukizi aliyebaki huru Unguja nzima alikuwa mmoja tu, na amevaa baibui la mtoto, mkono wake umo ndani ya mkono wa Bibi Zuwena.

Tangu hapo jua likishatua sikutoka nje. Taraweh nikasingizia tumbo. Nikilazimika kupita uani, ambako hakuna paa, nilijitwika sinia kichwani, lile sinia kubwa la bati la kupambia futari, nikakimbia. Watoto wa jirani waliniona kutoka dirishani kwao. "Sinia linatembea! Sinia linatembea!" wakiimba, na kupiga makofi. Niliwaachia wacheke. Wao hawakuwa wakiwindwa.

Ndipo simu ikalia kutoka Maskati. Safari yangu imekamilika, alisema mama, nitapanda ndege baada ya sikukuu, usiku, na yeye atanipokea uwanjani asubuhi. Bibi alipiga kigelegele mpaka jirani wakatoa vichwa. Wakanipa simu.

"Mama," nikasema, "mie siji."

Hebu fikirini. Nilimlilia mama yule hata sauti ikanikauka, na sasa ananiita, mimi namwambia siji. Lakini ndege inakwenda juu, na inakwenda usiku, na huko ndiko vinakotoka! Ningekuwa najipeleka mwenyewe mlangoni kwa malaika. Mama alilia kwenye simu, nikamsikia, nikampa Bibi simu nikakimbilia chumba cha giza, maana kilikuwa na kuta nene na juu yake kuna nyumba nzima.

Shangazi Rayya alinikuta humo nimejikunyata baina ya beseni za dawa. Hakuniuliza mbona nakataa kwenda kwa mama. Alikaa sakafuni na mimi, akanipa kanda la filamu nilichezee, na baada ya kitambo nikamwambia yote: pazia, mashetani, minyororo, hisabu yangu. Alinipa mgongo kidogo na nikaona mabega yake yakitikisika, lakini aliponigeukia uso ulikuwa umetulia.

"Kwani weye unadhani kimondo kimeumbwa kwa kitu gani?"

"Moto wa Jahannamu."

"Umejuaje?"

"Kinawaka."

"Na jiko la bibi yako je, haliwaki?" Akanieleza, naye alikuwa akieleza vizuri sana, kwamba kila kitu kikiungua hutoa nuru yake chenyewe, na nuru ile ukiipitisha kwenye kioo cha pembe tatu huchanika ikawa rangi rangi. Chumvi ina mstari wake, chuma kina yake mingi, na hakuna kitu kinachoiba mstari wa mwenzake. Watu wa elimu hupiga picha za vimondo kwa kioo kama hicho, wakajua vimeumbwa kwa nini bila ya kuvigusa. Msimu wa vimondo vingi huja kila mwaka, kama msimu wa shokishoki, na tulikuwa ndani yake. "Tukikipiga picha kimondo, nuru yake itatwambia yenyewe. Tutakidukiza."

Nikafikiri. Nikatoa sharti langu, na sharti hilo najivunia mpaka leo. "Kikiwa na kitu ambacho kimo jikoni kwetu, ntapanda ndege. Kikiwa na kitu tusichokijua, siendi."

"Haya, tumepatana," akasema.

Kilichokosekana ni kioo. Kumbe kilikuwepo, nacho kilikuwa kinaning'inia sebuleni juu ya vichwa vyetu. Bibi alikuwa na thurea, taa kubwa ya vioo aliyorithi kwa mamake tangu enzi za mashamba ya mikarafuu, na vioo vyake vilikuwa vijiti virefu vya pembe tatu. Mchana jua likiingia dirishani ukuta wote hupigwa rangi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alipoombwa kijiti kimoja, Bibi alimtazama Shangazi kama aliyeombwa jino.

"Thurea ya mamangu nikupe ukaifungie kwenye kamera? Ukamdukize Mungu? Umesoma mpaka umezidi, Rayya."

Shangazi hakubishana. Alimvuta mamake pembeni wakanong'ona, na mara ile sikuthubutu kudukiza. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, nilimkuta Bibi amesimama juu ya kiti cha sebuleni, mwanamke mzima wa makamo yake, na swaumu, mikono iko juu, anafungua kulabu.

"Shika kiti wee mtoto, n'sije nkavunja nyonga," akasema. Aliposhuka alikifuta kioo kwa ncha ya kanga, akanitilia mkononi. "Vioo nnavyo vingi. Wa kuogopa mbingu nnaye mmoja."

Kwanza ilibidi tujue mistari ya vitu vya jikoni, tupate cha kulinganishia. Shangazi alitumia kamera kubwa ya Babu, akakifunga kijiti cha thurea mbele ya lenzi kwa utepe mweusi. Kwenye ukumbi wa chini aliwasha moto wa spiriti, akaunyunyizia chumvi, na mbele ya moto akasimamisha nyembe mbili zilizokaribiana ili nuru ipite baina yake kwenye ufa mwembamba. Moto ukawa manjano, nasi tukawa manjano, nyuso zetu kama za wagonjwa. Kwenye filamu ulitoka mstari mmoja wima, umenyooka kama uzi wa cherehani. Huyo ndiye chumvi.

Kwa chuma tulimwendea Fundi Haji, Mtumbatu aliyekuwa akichomea mageti Saateni. Shangazi alimsimamishia kamera mbali, mbele yake zile nyembe mbili, akamwambia achome tu kama kawaida yake. Akachoma. Kisha Shangazi akatoa kikaratasi mkobani. Kilikuwa na haluli, ile chumvi chungu ambayo Bibi alitunywesha tukifunga choo, na ambayo ndani yake mna madini yaitwayo magnesiamu. Akamwomba ainyunyize pale penye cheche.

Fundi Haji alivua miwani yake myeusi. "Mwalimu, n'nachomea vyuma miaka na miaka. Leo ndo nnasikia chuma kimefunga choo."

Lakini aliinyunyiza. Tukarudi nyumbani na picha zetu: chuma kilitoa mistari kibao, na haluli ilitoa wake mnene uliokaa peke yake.

Kimondo chenyewe ndicho kilichotutesa. Tuliiweka kamera juu ya paa, kwenye sakafu ile ambapo Bibi akianika ndimu zake za achari. Haikutazama pale tulipopataka. Ilitazama pembeni kama mwenye makengeza, kwa sababu kioo kikiichana nuru huipinda pia. Mimi nilikaa ndani ya mlango wa ngazi, chini ya kipaa chake, sinia kichwani. Kamera ile ilikuwa na kipira chenye mrija mrefu: ukikibana lenzi hufunguka, ukikibana tena hufungika. Kazi ya kipira nilipewa mimi. Shangazi akisema "Fungua!" nafungua, akisema "Funga!" nafunga. Vimondo vilipita, lakini taa za bandarini na za mtaani ziliunguza filamu zote zikatoka kijivu. Siku zikapita. Shangazi alikuwa akinywa chai ya futari huku akizipekua filamu zilizoharibika, na mimi, Mungu anisamehe, nusu yangu ilianza kufurahi kwamba nimeshinda. Nusu nyingine ilikwenda kulala na kanga ya mama.

Ndipo umeme ukakatika. Ulikatika mji mzima baada ya taraweh, na mtaa wote ukaguna kwa sauti moja. Shangazi peke yake ndiye aliyepanda ngazi mbiombio akicheka. "Alhamdulillahi! Njoo, njoo, kabla hawajaurudisha!" Sijapata kumwona mtu akilishukuru giza namna ile. Juu nyota zilikuwa zimejaa mpaka zinatisha. Shangazi akaitengeneza kamera, akasema "Fungua!", nikabana. Na Bibi akaita kutoka chini.

"Rayya! Rayyaaa! Njoo uniwashie kandili, n'takanyaga paka!"

"Labeka, mama!" Akanigeukia. "Usifunge mpaka nirudi." Akashuka.

Ndipo kilipokuja. Sijui niwaelezeje. Hakikuwa kama vile vidogo vinavyopita ukisema "aa!" vishaondoka. Hiki kilikuja taratibu na kwa fahari, cheupe chenye ukijani, kikaimulika sakafu nzima mpaka nikaona ndimu za Bibi mojamoja, na kikapita pale pale kamera ilipokodolea jicho lake la kengeza. Nilijikunja chini ya sinia nikasoma kila nilichohifadhi. Kikazimika. Nilikuwa mzima.

Na papo hapo umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga kelele za furaha, na taa ya njiani iliyokuwa kwenye kona yetu ikawaka, ikamimina mwanga wake wote juu ya paa, juu ya kamera, na lenzi iko wazi. Nilijua maana yake. Nikabana kipira. Kimya. Nikabana tena kwa mikono miwili, nikasikia upepo unavuja: mrija umepasuka. Kila nukta iliyopita ile taa ilikuwa inakila kimondo changu.

Nataka niseme ukweli wa moyo wangu ulivyokuwa. Sikumfikiria mama wakati ule, wala ndege, wala malaika. Niliona wivu mtupu. Kimondo kile kilikuwa changu, kimenipitia mimi, na taa ya mtaani haina haki ya kukichukua. Nikatoka mlangoni nikakimbia katikati ya paa, chini ya mbingu yote, nikavua sinia kichwani nikaifunika lenzi. Nikalishikilia pale kwa mikono miwili na kifua.

Shangazi alipopanda na kandili alinikuta hivyo. Kichwa changu kiko wazi na mbingu iko pale pale.

"Nimekifunika," nikamwambia. "Kimo ndani."

Hatukungoja asubuhi. Chumba cha giza kilikuwa giza kweli, hata ile taa nyekundu ya kusafishia picha haikuwashwa, maana filamu ile haikuvumilia nuru yoyote, na mimi nilimsikia Shangazi tu, maji ya beseni, harufu ya siki, na tasbihi yake ikigonga punje moja moja, maana ndivyo alivyopima muda gizani. Bibi naye aliingia akasimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu. Kisha taa ikawashwa. Shangazi akainua filamu mbele ya balbu, maji yakimchirizika mpaka kwenye viwiko.

Pembeni filamu ilikuwa imechafuka, lakini katikati kilikuwepo! Kimondo kilikuwa kimechanika kikawa mistari mingi iliyolala sambamba kama miyaa ya mkeka. Shangazi akachukua filamu ya chumvi akaiweka juu yake, akaisogeza, akaisogeza tena, na ule uzi wa chumvi ukaukalia mstari wa kimondo sawasawa. Akasema, "Chumvi." Akaweka ya Fundi Haji. "Chuma hichi. Na huu mnene... mama, huu wa haluli."

"Haluli?" Bibi alisogeza miwani yake. "Kimondo kina haluli? Basi ndo maana kinakwenda mbio."

Tulicheka mpaka Shangazi akakaribia kuiangusha filamu. Kisha akamweleza Bibi kwamba kimondo ni kijiwe tu, pengine si kikubwa kuliko kokwa ya tende, kimezunguka huko juu tangu kabla hapajawa na Unguja. Bibi akaitazama ile mistari.

"Ah," akasema, "hichi basi kimekula chumvi nyingi kuliko mie."

Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumwuliza. "Bibi, kwa hivyo hakikutupwa kwa ajili yangu?"

"Mungu anajua anavyovitumia vijiwe vyake, hilo si langu wala lako," akajibu. "Lakini nani kakwambia wewe shetani?"

"Wewe. Uliponikamata nadukiza."

Bibi akanivuta mpaka uso wangu ukazama katika kanga yake yenye harufu ya iliki. "Wee mtoto una akili lakini huzimalizi. Mashetani si wamefungwa? Ungekuwa shetani, Ramadhani hii ungekuwa na minyororo. Sambusa zangu zote zile angezila nani?"

Mtu mwingine angeona hayo ni maskhara. Kwangu mimi ilikuwa hisabu, na ilinyooka kuliko yangu. Nililia kwa raha, nikalamba chozi lililonifikia mdomoni, nikaonja chumvi yake.

Sikukuu ile nilikwenda Mnazi Mmoja kwenye michezo ya sikukuu jioni zote, sikukosa hata moja, na waliokuwa wakiniimbia "sinia linatembea" niliwasimulia habari za kimondo mpaka wakachoka na mimi. Siku ya safari Bibi alinifungia mizigo ya kumpelekea mama: achari, karafuu, visheti, mabungo. Ndani ya ndege nilikaa dirishani, na sikulala. Kilipopita kimondo, kidogo, mbali juu ya bahari nyeusi, nilibandika sikio kwenye kioo cha dirisha nikadukiza kwa makusudi, nione nani atanifanya nini.

Bibi sasa hayupo, Mungu amrehemu. Thurea bado inaning'inia pale sebuleni, ina pengo moja kama mtoto aliyeng'oka jino, na Shangazi amekataa watu wote wanaotaka kulitengeneza.

Asubuhi ile Maskati, mama alikuwa amesimama mbele ya watu wote. Alinikumbatia, akanisukuma mbali anitazame nilivyokua, akanikumbatia tena, na huku analia akaniuliza, kwa sababu hakujua aseme nini, nimemletea nini kutoka nyumbani. Mizigo ya Bibi yote ilikuwa miguuni kwangu, inanukia. Sikuigusa. Nilitia mkono kifuani, ndani ya gauni langu jipya la sikukuu, nikaitoa picha.

"Nimekuletea kimondo, mama," nikasema. "Nimekikamata mwenyewe, kwa sinia."